Mkonga Wangu na wa Shemeji

Mkonga wangu na wa shemeji ni Land Cruiser za mwaka mmoja. Zote zina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila turbo. Hata rangi ni nyeupe ileile. Lakini tukitoka Arusha kwenda Karatu, shemeji anafika, anaagiza nyama, anakula, anachokonoa meno, ndipo mimi ninaingia na watoto wanaouliza kama gari letu linaumwa.

"Shem, gari ni dereva," husema. Na husema mbele ya dada yake, ambaye ni mke wangu, ambaye hajawahi kumpinga.

Kilichonikera zaidi ni mishale ya vipima mwendo. Watoto walikuwa wakipigiana simu kutoka gari hadi gari: "Sisi tuko 80!" "Na sisi!" Huku gari la mjomba wao likizidi kuwa dogo machoni petu. Siri ilikuwa kwenye matairi. Shemeji alitoa yale ya kiwandani, akafunga makubwa ya kutishia watu. Kipima mwendo huhesabu mizunguko. Ukubwa wa tairi hakiujui. Mzingo ukizidi kwa asilimia 5, 80 yake ni 84 yangu. Ndiyo maana kwenye kijiji chenye kibao cha 50 alipigwa tochi, akalipa elfu thelathini, akaapa kuwa mashine ya trafiki ni mbovu. Mimi nilipita taratibu nikampungia mkono kwa heshima zote.

Matairi hayo yana gharama yake mlimani, kwani kila gia inakuwa nzito. Juu ya hilo, ukipanda kutoka Karatu hadi ukingo wa Ngorongoro, kama mita 2,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo huanza kuhema kama mzee aliyepanda ngazi na kiroba cha mchele. Pale nilipaswa kumkamata. Wapi! Aliniacha hapohapo.

Sababu zilikuwa kwangu. Kwanza, mzigo. Mama mkwe husafiri na mimi kwa sababu, anasema, gari la mwanawe lina haraka. Naye hasafiri bila godoro lake, ambalo hufungwa juu ya keria, pamoja na madumu yake na gunia la viazi. Shemeji amebeba miwani ya jua.

Pili, breki. Fundi mmoja wa Karatu alipiga jeki, akajaribu kuzungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, likagoma. Akamwagia dramu maji, ikalia chwaa! Fundi wangu wa mjini alikuwa ameikaza breki "ili ishike vizuri", nayo ikashika moja kwa moja, hadi kwenye lami tupu. Tatu, chujio la hewa. Lilipofunguliwa, likatoka vumbi la msimu mzima, na katikati yake kitambaa cha kufutia mikono. Nilikitambua: ni cha fundi yuleyule wa mjini. Injini ya watu ilikuwa inavuta pumzi kupitia leso.

Kwa hiyo, msomaji, ukiachwa na gari linalofanana na lako, usikimbilie kuuliza bei ya turbo. Piga jeki, zungusha magurudumu kwa mkono, kagua chujio, linganisha matairi. Kisha lishushe godoro la mama mkwe, kama una ujasiri huo.