Kandambili za Friji

Nyumbani kwetu palikuwa na kandambili za friji. Si za chooni, si za kutokea nje: za friji. Zilikaa kando ya mlango wa jiko, na yeyote aliyetaka maji ya baridi alizivaa kwanza ndipo akanyoosha mkono. Watoto waliijua kanuni hiyo kabla ya kujua kusoma. Mgeni akija, baada ya "karibu" na "habari za safari", aliambiwa: "Ukitaka kufungua friji, usiende pekupeku." Hakuna aliyeona ajabu. Friji lilikuwa linauma, basi, na nyumba nyingine zina mbwa.

Lilikuwa mtumba kutoka Ujerumani, likaja na plagi yake ya duara yenye meno mawili. Soketi zetu ni zile za Kiingereza za matundu matatu, na la juu ndilo lenye ufunguo wa haya mawili ya chini. Dawa yake inajulikana pwani hadi bara: unachokonoa tundu la juu kwa mfuniko wa kalamu, vizuizi vinafunguka, unaisukuma plagi ya Mjerumani, inaingia kwa manung'uniko. Friji likanguruma, tukapongezana. Ila plagi ile hupokea waya wa ethi ubavuni, kwenye vibati viwili, na soketi yetu haina kitu ubavuni. Kwa hiyo umeme uliovuja ulibaki kwenye bati la friji, ukimsubiri mwenye miguu iliyolowa.

Akatokea shemeji yangu. Alitoka kuoga, kiu imemshika, kandambili zimeazimwa na mtoto. Tulisikia yowe, kisha jagi la juisi ya ukwaju likatua kwenye kalenda ya ukutani na kuifuta Ramadhani yote. Alikuwa mzima, alhamdulillahi, ila alikataa kuingia jikoni tena, na shemeji asiyeingia jikoni ni mgogoro wa familia. Mke wangu akaniambia neno moja: "Fundi."

Fundi alikuja na testa sikioni kama kalamu ya karani. Akaangalia, akacheka. "Bosi, breka si ipo? Ya nini kujitia gharama?"

Hoja hii ina wafuasi wengi mjini. Breka na fyuzi hulinda waya usiungue, mtu hazimjui. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000, wakati moyo unaweza kuvurugika kwa miliampea 30 na ushei zikipita kifuani. Utakuwa umeshasomewa Yasini, fyuzi bado inatafakari. Kifaa kinachotakiwa, ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake, RCD, hufanya hesabu ya mtu aliyemtuma mtoto dukani: umeme uliokwenda kwa waya wa moto lazima urudi wote kwa nyutro. Chenji ikipungua miliampea 30, hakiulizi imepotelea wapi. Kinakata, tena kabla hujamaliza kusema "mama".

Marekani walianza kuweka kinga ya namna hii kwenye soketi zenyewe baada ya kazi ya Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyewashikisha watu wa kujitolea waya wenye umeme ili apime ni kiwango gani kinaufanya mkono ushindwe kuachia. Sisi tulikuwa tukijitolea miaka yote, tena bila profesa.

Tukaenda Kariakoo. Muuzaji alitutolea kwanza soketi yenye kinga ndani yake, ina vitufe viwili, nzuri kama redio. Lakini soketi hiyo hulinda kilichochomekwa kwake tu, na hita ya bafuni kwetu imeungwa moja kwa moja, haipitii soketi yoyote. Tukataka ya kukaa kwenye main switchi, ishike nyumba nzima. Hapo muuzaji akashusha sauti: "Mzee, hii ya 30 ya nini? Chukua hii ya 300. Bei ileile, nguvu mara kumi!" Kama angekuwa anauza betri, ningempa mkono. Ya miliampea 300 huwekwa kuzuia moto. Mtu inamwacha atetemeke hadi achoke. Fundi, ambaye asubuhi alikuwa haitaki hata moja, akageuka mwanaharakati: "Thelathini! Tunataka thelathini!"

Kabla ya kuifunga alisema fimbo yetu ya ethi imekauka. Akachimba kwenye pembe ya nyumba, akagongomea fimbo mpya ya shaba, akamwaga kuizunguka chumvi na mkaa ili udongo upitishe umeme vizuri. Bahati mbaya alifanya hivyo magharibi inaingia, na shangazi alikuwa anatoka kutawadha. Akamwona kijana mgeni amepiga magoti, anafukia chumvi na mkaa kwenye kona ya nyumba ya kaka yake.

"Mwanangu," akaniita, "huyu anatuzindika au anaturoga?"

"Shikamoo shangazi. Ni ethi hiyo."

"Marahaba. Na kuku mnamchinja saa ngapi?"

RCD ikafungwa, ikapandishwa, ikakaa. Shangazi akawasha taa ya barazani. Giza, nyumba nzima! Akatazama kwa jirani: kunawaka. Akatazama LUKU: yuniti zimejaa. Akanitazama mimi. Fundi alihangaika na tochi ya simu mdomoni hadi akagundua kwamba fundi fulani wa zamani, nyutro ilipomkatikia ukutani, alichukua ethi akaifanya nyutro. Taa iliwaka hivyo miaka nenda rudi, umeme wake ukienda na usirudi ulikotoka. Akavuta waya mpya.

Likabaki friji. Akakata ile plagi, akafunga ya meno matatu, akachomeka. Giza tena. Umeme uliokuwa ukitafuta miguu ya watu ulikuwa umepata njia yake ya ardhini, na RCD ikauona mara moja. Nyuma, kwenye kiboksi cha kompresa, kulikuwa na tope la vumbi na unyevu limekumbatia nyaya. Likasuguliwa, likakaushwa, friji likawaka, na shemeji akaligusa pekupeku mbele ya mashahidi.

Wakati wa kuondoka fundi alituonyesha kitufe chenye herufi T: kila mwezi mkibonyeze, kikikata, jueni kifaa kizima. Mke wangu aliona ni kazi ya kukabidhiwa mtu mwangalifu, akamkabidhi shangazi. Sasa watoto wakikaidi kulala, au tamthilia ikifika pale wahusika wanapoanza kusogeleana, nyumba inazimika ghafla, na kutoka koridoni inasikika sauti tulivu:

"Nahakiki usalama."