Muulize Mjomba: Theluji Yangu Mbona ya Kijivu?

Barua za hytte zimeanza kumiminika. Kwa msiohusika: Norwe ina watu milioni tano na nusu hivi na nyumba za mapumziko, ndizo hytte, zaidi ya 400,000, nyingi za mbao, milimani au kando ya bahari, na yeyote aliyeoa au kuolewa huko ataburutwa hadi mojawapo kabla theluji haijayeyuka. Niandikieni tu. Ila picha kumi na nane za pua ileile msinitumie.

*Shikamoo Mjomba. Nimeolewa Oslo, na wakwe zangu wana hytte Geilo. Theluji inafika kiunoni, jua linawaka, nami nimevaa koti jekundu nililonunua makusudi kwa ajili ya picha. Nikipigwa, theluji inatoka kijivu na mimi natoka kivuli chenye meno. Wifi zangu Tanga wanauliza kama nimehamia kiwanda cha saruji. Nifanyeje? — Kivuli Chenye Meno*

Marahaba, mwanangu. Kamera yako haikuchukii, ila imefunzwa kuamini kwamba dunia yote ukiichanganya inatoa kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye uwanda mweupe inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Theluji inafifia, na wewe uliyekuwa mweusi tangu mwanzo unazama kabisa. Basi mwangaza uongeze mwenyewe. Kwenye kamera tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, panda hadi +1, na pakiwa peupe mno karibu +2. Kwenye simu gusa uso wako kiooni, kisha telezesha kile kijua kidogo kwenda juu. Ukiona mikunjo ya theluji imeanza kupotea, rudi nyuma kidogo. Ikishapotea yote hakuna programu ya kuirudisha.

Lipo jambo wapiga picha wa huko hawatakwambia, maana haliwasumbui. Ngozi yetu inapendeza kwenye theluji kuliko karibu popote ninapopajua, mradi usisimame juani. Theluji hurudisha mwanga kutoka chini, hivyo ule weusi unaojikusanya chini ya macho na kidevu unapungua bila taa ya studio. Simama kwenye kivuli cha nyumba, uso uelekee uwanda wenye jua. Kivuli chenyewe kitatoka na ubuluu, kwa sababu kinaangazwa na anga. Usiufute wote, ndio unaowaambia wifi zako kwamba huko kuna baridi.

Koti jekundu sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni mkono kiunoni. Mkao huo tumekwisha kuuona Forodhani, tumeuona Mlimani City, sasa umepanda ndege. Waambie wakupige ukibeba kuni, ukikung'uta buti, ukimsukuma shemeji yako na gari lake lililokwama. Watu hawaendi hytte kusimama.

*Mjomba, nilitoka nje na chaji asilimia sitini, dakika chache simu ikazima. Nikarudi ndani, kamera ikatoka jasho hadi ndani ya lenzi. Mama mkwe ni mtu wa kanisa sana, lakini nashuku mkono wa mtu. — Nashuku, Lillehammer*

Mwache mama mkwe apumzike. Betri ya lithiamu hufanya kazi kwa kemikali, na baridi huzizubaisha. Ikipata joto, sehemu kubwa ya chaji hurejea. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na fulana, pamoja na betri ya akiba ya kamera. Lile jasho ni unyevu wa humo ndani, wa supu, soksi zilizoanikwa juu ya jiko na pumzi za watu wanane chumba kimoja, unaotua kwenye chuma baridi. Ukiwa bado nje, toa kadi ya picha, kisha tia kamera kwenye mfuko wa plastiki uufunge kabisa. Ingia nao, usiufungue mpaka kamera ipate joto la chumba. Picha utazitazama kutoka kwenye kadi, kamera ikingoja zamu yake.

*Nyumba yetu ya mjini ina sakafu yenye joto. Hii ya pili choo kiko nje na maji yamefungwa yasije yakapasua mabomba. Na tunailipia! — Msomi Aliyepotea*

Wenzetu starehe za mjini zimewachosha, kwa hiyo wanalipa ili wapate shida kidogo. Usishindane nao. Katikati ya Desemba, pande za Oslo, jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na saa tisa na robo alasiri limekwishazama. Safari yako ya choo ya jioni iende na kamera. Anga likiwa buluu na dirisha likiwaka njano, unayo picha nzuri kuliko zote za wiki, na umeipata kwa haja ndogo.

*Nimetuma picha ya theluji iliyofika dirishani. Babu yangu, Moshi, anasema ni ya kompyuta. — Mjukuu Mwongo*

Babu analipa kisasi cha watu wake. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji juu ya Kilimanjaro, akaandika, na huko London mwanajiografia William Desborough Cooley akapinga akiwa kitini. Sasa zamu yako kuthibitisha. Picha ya weupe mtupu haina kipimo, hivyo chomeka beleshi, au mchimbie shemeji akae shimoni. Theluji inayoanguka ipige mbele ya ukuta mweusi au miti ya misonobari, shata ikiwa 1/500 ya sekunde ili chembe zisimame hewani. Flashi zima, vinginevyo chembe za karibu zitageuka madoa meupe na babu atapata ushahidi wake.

*Pasaka nakuja na jamaa kumi kutoka Mombasa. Wote wanataka kuvaa skii na kupiga picha kileleni. Niandae nini? — Mwenyeji*

Nguo za ndani za sufu, si za pamba. Pamba hunywa jasho ikakaa nalo. Machungwa na chokoleti ya Kvikk Lunsj, maana Pasaka ya huko bila hivyo viwili haitambuliki. Kanuni za usalama wa mlimani za Norwe zinasema kugeuka njiani si aibu, na huyo atakayetaka kufika kileleni kwa ajili ya status asomewe mara mbili.

Ila jamaa kumi na choo kimoja? Ungechimba cha pili mwezi wa nane. Sasa ardhi imeganda, shoka linadunda.