Sifa za Logibuku

Dhahabu imesifiwa, ng'ombe wamesifiwa, mvua imesifiwa, na ukanda huu wetu wa Shinyanga na Geita una kila sababu ya kuvisifu vyote vitatu. Lakini hakuna aliyewahi kusimama mbele za watu kuisifu logibuku ya mwanafunzi wa udaktari wa meno, na dhuluma hiyo imedumu mno. Naizungumzia ile daftari yenye safu za tarehe, namba ya faili la mgonjwa, jino lililotibiwa, kazi iliyofanyika, na pembeni kabisa kisanduku kidogo cha saini ya msimamizi. Masomo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Kabla ya hapo Mtanzania aliyeitaka shahada hiyo alikwenda kuitafuta nje ya nchi. Tangu hapo miaka mitano ya masomo, mwaka wa utarajali, sapu na tishio la kudisko vimepata wasemaji wa kutosha, vijiweni na mabwenini. Logibuku haijapata hata mmoja.

Sifa zake ndogo nizimalize haraka. Inalisha vibanda vya fotokopi, kwa kuwa mwanafunzi mwenye busara hutoa nakala ya kila ukurasa, akijua kwamba daftari ikipotea, meno yote aliyoyaziba yatahesabika kuwa hayakuwahi kuoza. Inafundisha mwandiko safi kwa watu ambao wakishakuwa madaktari hawatauhitaji tena. Inakuza kumbukumbu: asiyeweza kukariri matawi ya neva ya tano ya kichwa, inayobeba maumivu yote ya meno, anajua bila kukosea gari la kila msimamizi, rangi yake, na saa linapotoka getini.

Sifa kuu, ambayo kwayo ningependa ijengewe mnara, ni kwamba inafundisha kutafuta madini. Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa hapa kwetu Segese hashuki kwenye duara kwa kubahatisha. Anausoma mwamba, anawauliza waliomtangulia, anaufuata mkanda unakoelekea, na ukikatika haondoki, maana anajua huenda ukaibuka mbele. Saini nayo ina mikanda yake. Jumatatu asubuhi hupatikana juu juu, karibu na mlango wa kliniki, kabla vikao havijaanza. Kufikia saa nne imeshazama, iko chini ya tabaka la semina, na mwenye uzoefu hatumii nguvu. Anangoja chai ya wajumbe ilainishe tabaka hilo. Ijumaa mchana mkanda hupotea kabisa, na hapo ndipo mgeni anapomaliza nguvu zake kwa kugonga milango. Zipo saini zinazong'aa lakini hazina kiwango: daktari anayesomea ubingwa amekuonea huruma, amesaini, nawe unashangilia, mpaka ofisi inapoipima na kukuta kwamba aliyesaini siye aliyepaswa kusaini, na mzigo wote unarudi kuwa kifusi. Zipo saini halisi zisizouzika bila muhuri. Muhuri umo kabatini, ufunguo anao katibu muhtasi, na katibu muhtasi yuko likizo. Mwisho wa muhula kila kitu hupitishwa karasha na kuoshwa, na mtu anahesabiwa gramu zake. Tofauti ni moja tu. Mchimbaji akikaa miezi sita bila kupata kitu, wenzake humpa pole na sahani ya ugali. Mwanafunzi aliyemaliza muhula na visanduku vitupu huambiwa hakuwa makini.

Inakuwaje kijana aliyeshika koleo tangu asubuhi, akapiga ganzi, akang'oa jino lenye mizizi mitatu bila kuvunja hata mmoja, aambiwe hakuwa makini? Logibuku haiulizi jino limetoka vipi. Inauliza limetoka lini, na nani ameandika jina lake pembeni. Seti kamili ya meno bandia inahitaji kuchukua umbo la fizi mara mbili, kupima namna taya zinavyokutana, kuyajaribisha meno yakiwa kwenye nta, kuyakabidhi, kisha kurekebisha panapochubua. Ni safari tano au sita kwa mgonjwa ambaye mara nyingi ni mzee. Akishindwa kuja mara ya mwisho, kwa kukosa nauli au kwa kufariki, kisanduku kinabaki kitupu na kazi ya wiki nyingi inakuwa sifuri. Kwa hiyo mwanafunzi anaanza kumtazama mzee huyo kama safu ya daftari. Anamwombea afya, ndiyo, lakini anamwombea mpaka tarehe ya kukabidhiwa meno. Sidhani kuna mkuu wa chuo aliyekusudia kuwafundisha madaktari jambo hilo, ila ndilo wanalofundishwa, na wanalielewa kuliko somo lingine lolote.

Anayedhani haya ni manung'uniko ya vijana wavivu akumbuke kwamba mwaka 1980 watafiti wa Marekani, Garbee, Zucker na Selby, walichapisha orodha ya mambo yanayowaelemea wanafunzi wa meno, na orodha hiyo imetumika nchi nyingi tangu wakati huo. Majibu hubadilika kidogo kutoka nchi hadi nchi, lakini mitihani na kutimiza idadi za lazima za kliniki havikosekani juu kabisa. Jino lenyewe halishtakiwi. Hakuna aliyelalamika kwamba mzigo mzito wa udaktari wa meno ni meno.

Kuna pingamizi la maana, na nisingependa kulikwepa. Bila daftari, atasema mtu, nani atajua kwamba huyu anayejiita daktari amewahi kung'oa jino? Kwa Segese swali hili si la darasani. Tangu miaka ya 1980 imeripotiwa Tanzania habari ya kile kinachoitwa meno ya nailoni: mtoto mchanga anaharisha na kupata homa, anapelekwa kwa mganga, naye anamchana fizi na kutoa vichipukizi vya meno ambavyo havina kosa lolote. Mganga huyo hana daftari wala msimamizi, na hakuna aliyeona mkono wake ukifanya kazi kabla haujafika kinywani mwa mtoto. Basi naikubali hoja yote: anayegusa kinywa cha mtu lazima awe ametazamwa na mjuzi, na kutazamwa huko kuandikwe. Lakini tazama hoja inatetea nini. Inatetea jicho la mjuzi penye kiti cha mgonjwa, saa ya kazi. Haitetei saini iliyopatikana wiki tatu baadaye koridoni, kutoka kwa mtu anayeuliza, "Huyu mgonjwa alikuwa nani?" huku kalamu imeshaandika. Saini ya namna hiyo haimlindi mtoto wa yeyote.

Idadi nayo haithibitishi kile inachodhaniwa kuthibitisha. Aliyeziba meno ishirini vibaya ana safu ishirini, na tangu miaka ya 1990 vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vimekuwa vikihama taratibu kutoka kuhesabu kazi kwenda kupima kama mtu anaiweza kazi. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho kutafuta mfano. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake waliokuwa kwenye mafunzo ya meno Dar es Salaam walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake, kwa sababu vijijini hapakuwa na umeme wa kuzungusha mashine ya kuchonga. Sehemu iliyooza inakwanguliwa, tundu linajazwa saruji inayoshikamana na jino na kutoa floridi, na mgonjwa mara nyingi hahitaji hata sindano ya ganzi. Mwaka 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa dunia nzima. Ilizaliwa kwa watu kumtazama mgonjwa wa kijijini na kuuliza anahitaji nini. Siku ilipozaliwa hapakuwa na daftari yenye safu yake.

Maskini logibuku, naona nimeanza kuisema vibaya, na kosa si lake. Ni karatasi tu. Aliyeipa madaraka ni ofisi isiyomwamini jirani yake. Idara inataka barua kutoka udahili, udahili wanataka uthibitisho wa malipo kutoka uhasibu, uhasibu wanataka jina lionekane kwenye orodha ya mikopo, dawati la mikopo linataka matokeo yaliyopitishwa na idara, na idara haiwezi kuyapitisha matokeo kabla logibuku haijakamilika. Bumu likikwama, ni mwanafunzi anayetembea, karatasi zimekaa. Ofisi hizi zote zina kompyuta, na zote humwomba kijana huyo huyo nakala ya kitu ambacho mojawapo imekichapisha asubuhi.

Tena serikali yetu inajua dawa yake, kwa sababu ilishawapa wachimbaji. Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu Geita, na mengine yakafuata mikoani. Mchimbaji anaingia na mzigo wake, unapimwa, bei inaonekana, mrabaha unakatwa, mnunuzi yuko hapo hapo, chini ya paa moja. Haikuwa huruma. Ilieleweka kwamba mlolongo wa ofisi na tozo unazaa magendo. Saini ina magendo yake pia: mwenzako anaujua mwandiko wa Dokta, kalamu ni ya bluu, msimamizi amesafiri. Hasara ya dhahabu iliyopita njia za panya iliwashtua wakubwa. Daktari aliyepita njia hizo hawamuulizi, labda kwa sababu atapelekwa mbali.

Na huku mbali kuna kazi. Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ambayo maji yake ya ardhini yana floridi nyingi. Kiwango cha muda kilichowekwa nchini mwaka 1974 kiliruhusu miligramu 8 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi 1.5. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika Kahama na Shinyanga mwaka 2009, vizazi kadhaa vilikuwa vimeshaota meno ya kahawia. Katika vituo vya umma nchini, mwenye jino bovu mara nyingi huondoka limeng'olewa, hata pale ambapo lingezibika. Wakuu wa vyuo, ombi letu ni dogo: saini itolewe penye kiti, siku ya kazi, na aliyeiona kazi, makaratasi mengine ofisi zipelekeane zenyewe, na saa zitakazobaki mwachieni mwanafunzi ajifunze kuziba.