Vita Vitakatifu vya Nkuhungu

Mtu akikwambia yeye ni mwema, mwulize kaandikwa hivyo na nani. Katika Dungeons & Dragons anajiandika mwenyewe, kwa penseli, kabla hajafanya lolote.

Mchezo huu uliletwa barazani kwangu Nkuhungu, Dodoma, na mpwa wangu, mwanachuo, Machi 2025. Kila mchezaji anavaa uhusika na kuchagua msimamo. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa Marekani mwaka 1974, misimamo ilikuwa mitatu tu: Sheria, Vurugu na wa katikati. Wema na uovu vikaongezwa baadaye, hadi vikatimia visanduku tisa. Kuna mwema asiyejali sheria, kuna mwovu anayezifuata zote bila kuruka hata moja. Huyu wa pili hakuhitaji maelezo. Dodoma ni mji wa ofisi; kila mmoja wetu alishawahi kuambiwa na mtu kama huyo arudi kesho na kivuli cha kitambulisho.

Dadu ya pande 20 inayoamua mapigo hatukuipata mjini, tukakunja vikaratasi 20 na kuvitia katika kofia ya jirani yangu, fundi cherehani. Upepo wa hapa unajulikana. Ulichukua viwili, kimojawapo namba 20, na tangu hapo hakuna shujaa aliyeweza kupiga pigo kuu.

Wanajeshi tuliwatoa jikoni. Zabibu zikawa jeshi takatifu, karanga za maganda zikawa jeshi la giza. Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilikutana mwezi huohuo. Fundi alikuwa amefunga, na rafiki yangu mwalimu, Mkatoliki wa Iringa, alikuwa na mfungo wake. Majeshi yote mawili yakakaa salama kwenye sinia.

Mpwa akatangaza: falme mbili, miungu miwili, vita vitakatifu. Baraza likanyamaza. Vita vya dini ni maneno ambayo kwetu mtu huyasema kwa sauti ya chini, na hawa wawili wamekula pilau la Iddi na la Krismasi kwenye meza moja miaka yote niliyowajua.

"Hao wa giza wamekosa nini?" Mwalimu akauliza.

"Ni waovu, Mwalimu. Imeandikwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Fundi alikuwa mpiganaji mtakatifu, uhusika ulioongezwa mwaka 1975 kwa sharti gumu: lazima awe upande wa Sheria, akiuacha ananyang'anywa nguvu zake. Alipopata mateka wa kwanza, Mpwa alitegemea upanga. Fundi akamchukua vipimo vya suti, kiuno hadi mkono, maana Iddi inakaribia na waovu nao huvaa. Tulipekua kanuni kwenye simu kuona kama hilo ni wema au ni biashara. Kanuni zilikaa kimya.

Mambo yaliharibika pale Mwalimu alipoomba dawa ya kugeuza mishale kuwa maji.

"Mtani," Fundi akamkatiza, "hiyo Kinjikitile, mganga wa Majimaji, alishaitoa Ngarambe mwaka 1905. Sisi Wangoni tuliyapokea hayo maji, na wazee wetu wakanyongwa Songea. Ninyi Wahehe mlikuwa wapi? Mmekaa pembeni mnatazama! Msimamo wenu ni sanduku la katikati."

"Sisi tulishamaliza zetu," Mwalimu akajibu. "Mtemi wetu Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Ninyi mkaamka kumekucha, halafu unanilaumu mimi?"

Mpwa akajaribu kuwarudisha kwenye falme zake. Nani amsikilize? Wangoni na Wahehe walichinjana kweli karne ya 19, bila vikaratasi wala kofia, na wajukuu wao wakabakiwa na utani: leo Mngoni anaweza kwenda kwenye msiba wa Mhehe, akalala mlangoni na kuzuia jeneza mpaka apewe chochote. Sijaona sanduku la watu hao kati ya yale tisa. Gygax hakuwahi kuzikwa na watani.

Adhana ya magharibi ikalia. Fundi akafungua kwa tende, akanywa maji, kisha mkono wake ukateremka kwenye sinia na kuanza kulipunguza jeshi takatifu, lake mwenyewe, kikosi baada ya kikosi. Mwalimu, ambaye kumbe alikuwa amejizuia kwa heshima ya jirani tu, akawavamia wa giza. Mfungo wake, alisema, ulihusu nyama na bia, karanga hakuzitaja.

"Mjomba," Mpwa akaninong'oneza, "mpiganaji mtakatifu akila askari wake, si anapoteza nguvu?"

Sikuwahi kujibu. Mke wangu alitoka na sufuria ya uji, akaliona sinia, akauliza ni nani kamaliza zabibu alizomwekea mama mkwe.

"Waovu, shemeji," Fundi akasema, akimwonyesha Mwalimu na maganda yake.