Sifa za Msimbo wa Bili

Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, kuna nafasi iliyotengwa kwa mtu aliyefika hospitalini na hofu zake, akapimwa, asikutwe na ugonjwa wowote. Huyo huandikwa Z71.1. Nyumbani angeambiwa aache kudeka, na mtaani angetaniwa wiki nzima. Msimbo haumtanii: unampa herufi moja na tarakimu tatu, kisha unampitisha kama mgonjwa mwingine yeyote. Kwa adabu hiyo yote, malipo yake ni lawama tupu. Muuguzi huuona mzigo, mgonjwa hajui hata kama upo, na mhasibu, aliye rafiki yake wa karibu, huutaja pale tu unapokosewa. Basi leo usifiwe. Hoja ni hii: msimbo wa bili ya mgonjwa wa nje ndio mhudumu mwenye utu kuliko wote katika kituo cha afya, kwa sababu ndio unaowawezesha watu wasiojuana kubebana.

Zamani kubebana kulikuwa kwa mabega. Katika vilima vya Rwanda watu waliungana katika vyama vya ingobyi, ile machela ya kusukwa, wakambeba mgonjwa kwa zamu hadi kwenye matibabu. Utaratibu ulikuwa mzuri, ila ulidai sharti moja zito: mjuane. Mbebaji alimjua mbebwa, akajua ameugua kweli, na akajua kwamba kesho zamu itageuka. Sasa itazame Kinyinya, sekta ya wilaya ya Gasabo jijini Kigali. Upande mmoja ni Gacuriro na nyumba za Vision City, upande mwingine ni Kagugu na vichochoro vyake, na katikati ni watu waliohamia kutoka kila pembe ya nchi. Nani hapo atabisha hodi usiku aombe mabega manne? Dawa iliyopatikana ni mituweli, bima ya afya ya jamii, iliyojaribiwa mwaka 1999 katika maeneo matatu, Byumba, Kabgayi na Kabutare, kisha ikawekewa sheria mwishoni mwa 2007. Kwa viwango vilivyoanza 2011, wengi walichangia faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka, wenye uwezo 7,000, na maskini kabisa walilipiwa 2,000 na serikali.

Mama akimpeleka mtoto mwenye homa na kikohozi katika kituo cha afya cha Kagugu, huonyesha kitambulisho, akalipa faranga 200 na kurudi nyumbani na amoksilini. Faranga 200 hazilipi kumwona muuguzi, vipimo na dawa. Zilizobaki hulipwa na watu ambao hawatamwona mtoto huyo maisha yao yote, na wana haki ya kuuliza: tumelipia nini? Jibu haliwezi kuwa machozi ya mama wala neno la muuguzi, kwani mlipaji yuko mbali na wa kuulizwa ni maelfu. Jibu ni maandishi yaliyokubaliwa mapema. Upande mmoja hutaja ugonjwa, kwa mfano J18.9, nimonia; upande wa pili hutaja kilichofanyika, kwa orodha ya ada. Pande mbili zikipatana, fedha hutoka. Nimonia ikitokea na plasta ya mguu uliovunjika, mkaguzi huchukua kalamu. Wanaoona huo ni usumbufu wakumbuke siku ambazo mituweli iliendeshwa wilayani: madeni ya hospitali yalilimbikizana, hadi Julai 2015 mfuko ukakabidhiwa RSSB, taasisi ya hifadhi ya jamii. Huruma ilikuwapo tangu mwanzo; hesabu ndiyo iliyopungua.

Kuna watakaosema kwamba mtu si namba. Kweli, na namshukuru Mungu kwamba msimbo haujawahi kudai hivyo. Lakini uondoe tuone kitakachobaki dirishani: karani na macho yake. Karani asiye na namba hutazama viatu, husikiliza lafudhi, huuliza wewe ni wa nani. Msimbo hauoni viatu. J18.9 ya mtoto wa Vision City na J18.9 ya mtoto wa Kagugu haipishani hata nukta. Wengine watalalamika kwamba muuguzi huitazama kompyuta kuliko mgonjwa. Hilo ni kosa la watunga kanuni, na ushahidi uko Marekani, ambako ziara za wagonjwa wa nje zina ngazi zake: 99211 hadi 99215 kwa mgonjwa wa zamani. Daktari huko alilazimika kuhesabu maswali aliyouliza na viungo alivyogusa ili astahili ngazi. Mwaka 2021 kanuni ililegezwa, ngazi ikapimwa kwa uzito wa maamuzi au kwa muda uliotumika. Misimbo ilibaki kazini, makaratasi yakapungua. Aliyeumia ni 99201 peke yake, ngazi ya chini ya mgonjwa mpya, aliyefutwa mwaka huohuo bila matanga.

Pingamizi kali zaidi ni la wizi: anayestahili 99213 huandikwa 99214, na huduma isiyotolewa huingia kwenye ankara. Sikatai. Lakini mwongo anayetumia namba ameacha nyayo, kwa kuwa namba huweza kupangwa, kulinganishwa na za kituo jirani, na kuulizwa mwaka mmoja baadaye. Uongo wa maneno hupotea na aliyeusema. Wenye dhihaka nao watatuonyesha toleo la Marekani la orodha ya magonjwa, lenye W61.62 kwa ajili ya mtu aliyepigwa na bata, na watauliza nani aliketi akaandika hilo. Mimi nauliza nani ajuaye lini bata wake atakasirika. Afadhali orodha inayomkumbuka hata huyo kuliko ile inayomwambia mgonjwa kwamba taabu yake haina mahali. Kinachofaa kuombwa kwa wenye mamlaka, basi, si misimbo michache bali kanuni nyepesi na wakaguzi wasiochelewesha malipo. Na asiyeridhika bado anayo njia ya zamani: aanze leo kujuana na kila mtu Kinyinya, mlango kwa mlango, kabla homa haijampata.