Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Ufunguo wa Maabara

Mheshimiwa,

YAH: PONGEZI KWA KUILINDA MAABARA DHIDI YA WANAFUNZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, ifikapo Novemba 2014, sisi wazazi wa huku Ugogoni tulichanga. Asiye na fedha alitoa kuku. Muda ukasogezwa hadi Juni 2015, tukachanga tena. Leo kuta zimesimama, sinki zipo. Maji ya bomba hayajafika, ila sinki lisilo na maji halizibi.

Bikari tunazichungulia dirishani, zingali kwenye maboksi. Haijavunjika hata moja! Hongera sana.

Wala usidhani watoto wanakosa sayansi. Binti yangu wa kidato cha tatu anaikariri taitresheni bila kumeza mate: asidi kwenye bureti, tone baada ya tone, njano inageuka rangi ya machungwa. Umeiona? "Mwalimu ametuambia, baba." Rangi ameiona kwa masikio, na mtihani atafanya.

Malalamiko yetu ni juu ya kijana mmoja aliyeletwa kufundisha kemia. Alichota maji ya kisima chetu, na kila aliyekunywa chai ya huku anajua chumvi yake, akayachemsha kwenye sufuria juu ya mafiga. Akaifunika, akaulaza mfuniko upande ili matone yachuruzike kikombeni. Watoto wakaonja ya kikombeni, wakaonja yaliyobaki sufuriani, wakakunja nyuso. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mbona chumvi haikupanda na mvuke? Na mvua je, maji yake yanatoka wapi? Aliyeuliza hilo la mvua ni mtoto ambaye hatujawahi kusikia sauti yake shuleni. Sasa nyumbani hakukaliki, kila chungu kikifunikwa kuna mtu anafunua.

Mambo haya tunajua yanakoishia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ungali moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliowekwa bila kuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakukoma. Alipofika Mkwawa, pale Iringa kwa majirani zetu, akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakimcheka. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala, na wanafizikia wanabishana mpaka leo. Ugomvi wote huo kwa sababu ya friza ya shule isiyotiwa kufuli!

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba ufunguo kwa saa moja tu, tutoe bikari mbili. Sufuria ile ilikuwa yangu, imeungua kitako, na mwenyewe jikoni anaidai.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi

Nakala: Mama watoto, kwa taarifa.