Maombi ya Ruhusa ya Kumiliki Nilichokinunua

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi,
Makampuni ya Kutengeneza Vifaa vya Elektroniki,
Popote Mlipo.

YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA KUMILIKI KIFAA NILICHOKINUNUA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza kwa ile stika mliyoibandika juu ya skrubu, inayotangaza kwamba atakayeibandua ajue hana tena dhamana. Pesa nimelipa taslimu, risiti ninayo, boksi liko juu ya kabati. Hata hivyo naona kifaa bado tunakimiliki kwa ubia: mimi nalipia umeme, ninyi mnatoa amri.

Naandika kwa niaba ya wateja mnaotuona wasumbufu, sisi tunaofungua vifaa ili kuona kilichomo, tukakesha kuandika programu huria na kumpa bure yeyote anayezitaka. Tunachosha, hilo halina ubishi. Tunachoomba ni kwamba kabla hamjatutumia wanasheria, mpekue majalada ya wenzenu.

Anzeni na la Linksys. Mwishoni mwa 2002 kampuni hiyo ilitoa ruta ya WRT54G, ya bluu na nyeusi, yenye antena mbili. Mwaka uliofuata wasumbufu walichungulia ndani wakakuta mfumo huria wa Linux, ambao leseni yake, GPL, inamtaka anayeisambaza atoe na msimbo wake. Kampuni ilikuwa imebeba kazi ya watu, sharti likabaki njiani. Kelele zikapigwa mpaka Cisco, iliyokuwa imeinunua Linksys mwaka huohuo, ikauweka msimbo hadharani. Msiba ulioje!

Kuifungua ruta hiyo hakukuhitaji hata bisibisi. Unasukuma miguu ya mbele kwa vidole gumba, uso wa bluu unachomoka. Wengine hawakuifungua kabisa: waligundua kwamba kwenye kile kisanduku cha kupimia mtandao, ukiandika amri mahali pa anwani, ruta inatii kama kuruta wa wiki ya kwanza. Mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza juu ya msimbo ule, na ruta ya nyumbani ikajikuta inagawa kasi ya intaneti na kufanya kazi nyingine ambazo ofisi zilikuwa zikinunulia mitambo ya bei mbaya. Wahandisi waliofanya hayo hawakudai mshahara, bima wala chai ya saa nne.

Kampuni ikashukuru kwa namna yake. Mwaka 2005, katika toleo la tano, iliing'oa Linux, ikaweka mfumo wa VxWorks, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ikakatwa kutoka megabaiti 16 hadi 8. Bila shaka wahasibu walilala usingizi mzuri. Wasumbufu walipolikataa toleo hilo, mashine ya zamani ilirudishwa sokoni ikiwa imeongezewa herufi L na bei ya juu kidogo. Watu wakainunua! Mwaka 2016 WRT54GL ilikuwa bado inauzwa, wakati rika lake lote lilishaishia jalalani. Kama kuna semina ya masoko ya hotelini iliyowafundisha mameneja wenu zaidi ya hapo, naomba makabrasha yake.

Jalada la Microsoft ni jembamba. Novemba 2010 Kinect, kamera yake ya michezo ya video, ilipotoka, kampuni ya Adafruit iliahidi dola 1,000 kwa atakayeandika programu huria ya kuitumia kwenye kompyuta. Microsoft ikanuna, Adafruit ikapandisha dau, na kabla wiki haijaisha zawadi ilikuwa na mwenyewe. Katikati ya 2011 Microsoft ikatoa yenyewe zana za kuiunganisha Kinect na Windows, uso mkavu kabisa.

La Sony linahitaji leso. PlayStation 3 ilianza kuuzwa 2006 ikiwa na ruhusa ya kuwekewa Linux, na Jeshi la Anga la Marekani likaziunganisha zaidi ya 1,700 kuwa kompyuta kubwa. Tarehe 1 Aprili 2010, siku ya wajinga, sasisho likaifuta ruhusa hiyo. Asiyelitaka asicheze mtandaoni. Desemba mwaka huohuo wadukuzi walikuwa jukwaani Berlin wakieleza jinsi kufuli ya mashine hiyo ilivyovunjika. Ilikuwa imedumu karibu miaka yote ambayo wenye ujuzi walikuwa na mlango wao halali, na hawakuwa na haja ya kuvunja dirisha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Msimbo mnaodaiwa na leseni, utoeni bila kukumbushwa. Simu mkiichoka, na huwa mnaichoka mapema, mtuachie ufunguo wake ili wengine waihudumie. Na ile barua pepe ya huduma kwa wateja ijibiwe walau mara moja na mtu aliyewahi kushika chuma cha kulehemu, maana hilo la "zima kisha uwashe" tulishalijaribu.

Nasubiri majibu yenu kwa hamu, bisibisi ikiwa karibu.

Wenu mtiifu,
Mmiliki Mwenza

Nakala: Idara ya Sheria (kwa taarifa tu, tafadhali msiwaamshe)